Nimetia pamba masikioni, na nasikia

Jana jioni nikiwa juu ya baiskeli kwenye taa za Tazara, konda mmoja alijitokeza dirishani mpaka kiunoni akanifokea: "Kaka, toa hizo pamba masikioni, utagongwa!" Daladala zima likageuka kunitazama. Taa zikaruhusu, wakaondoka huku honi inalia, mimi nikabaki na hasira ambayo mpaka leo haijaisha.

Kwanza, si hedifoni. Sisikilizi muziki wala siongei na simu. Ni vizibo vya sponji, vile vya mafundi wa viwandani. Unakiviringisha kwa vidole mpaka kinywee, unavuta sikio juu kwa mkono wa pili, unakichomeka na kukishikilia mpaka kitanuke chenyewe. Kelele inapungua, haiishi. Honi ya lori naisikia. Konda yule nilimsikia neno kwa neno.

Kila siku natoka Tabata hadi Kurasini kwa baiskeli, kwenda na kurudi, Barabara ya Mandela, ubavuni mwa malori ya makontena yanayokwenda bandarini. Honi ya upepo ikipigwa karibu na kichwa chako, unaisikia mpaka kifuani. Wataalamu wa afya kazini wanaweka kikomo cha kelele cha desibeli 85, yaani kipimo cha ukali wa sauti, kwa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na zikifika 100 ni dakika 15 tu. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vinavyopokea sauti. Zikifa, hazioti nyingine. Mwaka juzi nilianza kusikia nyenje usiku, chumba kimya, madirisha yamefungwa. Nyenje huyo alikuwa kichwani mwangu, na bado yumo.

Wanasema masikio ndiyo ulinzi wa mwendesha baiskeli. Basi mwenye gari aliyepandisha vioo, kawasha AC na muziki, mbona hakuna anayemfokea? Na viziwi je, wasipande baiskeli? Barabarani mimi naponea macho. Nimefunga saitimira ya bodaboda kwenye usukani, na kabla ya kuhama upande lazima nigeuze shingo nione kwa macho yangu.

Jambo moja nalikubali, kwa shingo upande: ukivaa vizibo, kujua sauti inatoka wapi kunakuwa kugumu. Anayejifunza asivae. Hata mimi nikikata kona kuingia mtaani, kwenye watoto na bajaji, navitoa.

Lakini nenda Buguruni ukamwone mzee wa mayai. Trei zake huzifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli, na yuko kwenye barabara hiyo tangu mimi sijahamia Dar. Leo asubuhi nimemwamkia mara tatu. Ya tatu ndipo alipoitazama midomo yangu akaitika marahaba. Wateja wake siku hizi wanamwonyesha idadi ya mayai kwa vidole. Nikampa jozi mpya niliyokuwa nayo mfukoni. Akaiminya, akaigeuza, akauliza kwa sauti ya juu, kama anavyouliza kila kitu sasa: "Hii inarudisha?"

"Hairudishi, baba. Inatunza yaliyobaki."

Ikabidi nirudie. Kisha akaifunga kwenye pindo la kitambaa chake, pamoja na hela.