Vituo 238 na Gari Lililosimama Mlangoni

Ninaandika haya nikiwa nimeketi nyuma ya usukani wa gari ambalo, kwa mujibu wa ratiba iliyobandikwa mlangoni mwa friji, lilipaswa kuondoka hapa Leicester saa kumi na mbili kamili asubuhi, na sasa ni saa mbili na dakika kumi. Taa za mbele zinawaka kwa sababu nilipotoka ndani kulikuwa na ukungu, redio inazungumza peke yake, simu inapata chaji, na kiti cha nyuma kimejaa vitumbua, sambusa na chapati za kutosha kulisha jahazi la maharusi mpaka Pemba. Kinachokosekana ni abiria. Mke wangu anatafuta ushungi ambao hautapeperushwa na upepo wa bahari, na shemeji yangu, ambaye ni kaka yake, aliingia bafuni wakati nje kungali giza na tangu hapo tunamsikia tu akiimba.

Jambo hili lisingeniuma kama tungekuwa tunakwenda harusini, kwani harusini anayewahi ndiye anayebebeshwa viti. Lakini sisi tunakwenda kuzuru vituo vya boti za uokoaji katika pwani ya Uingereza, yaani majengo ambayo watu wake wana shughuli zao nyingine za kujipatia riziki, huyu fundi bomba, yule mwalimu, na kila mmoja hutembea na peja kiunoni. Peja ikilia huacha alichokishika, hata kama ni kijiko cha mchuzi, hukimbia kituoni, huvaa mavazi ya mvua na jaketi la kuelea, na lengo lao ni kwamba boti iwe imeshaingia majini katika muda wa dakika 10 hivi. Katika nyumba yangu dakika 10 ni muda wa kuulizana funguo ziko wapi.

Chanzo cha yote haya ni chipsi. Mwaka jana tulikwenda Skegness, na katika duka la samaki na chipsi mke wangu akaona kibweta cha kukusanyia sadaka chenye umbo la boti. Akauliza ni cha nini. Mwenye duka, badala ya kumjibu kwa maneno mawili na kumwacha mtu ale, akamweleza habari yote ya RNLI, taasisi inayoendesha boti za uokoaji: kwamba ilianzishwa London tarehe 4 Machi 1824, kwamba si idara ya serikali bali ni taasisi inayotegemea hasa michango ya watu, kwamba imekwisha kuokoa maisha ya watu zaidi ya 140,000, na kwamba wengi wa wanaotoka na boti hizo hawalipwi mshahara. Mke wangu alirudi mezani macho yamemtoka. "Baba Salma," akaniambia, "watu hawa hutoka usiku, katika baridi hii, bure." Shemeji akasema hakuna mtu anayekwenda baharini bure, hata samaki yuko kule kwa sababu zake. Chipsi zangu zikapoa, na hapo ndipo safari ilipozaliwa.

Ningependa ieleweke kwamba mimi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa na kulelewa karibu na maji, na kwa hiyo nilipohamia nchi hii niliona nimeshaitumikia bahari vya kutosha. Nilichagua mji ambao hauko mbali na Coton in the Elms, kijiji cha Derbyshire kinachotajwa kuwa mahali palipo mbali na bahari kuliko pengine popote katika Uingereza, kilomita 113 kutoka ufukwe ulio karibu. Nilidhani kwa umbali huo nitakuwa nimesalimika. Bahari ya kwetu mtu huingia akajiona kama yumo katika beseni la maji ya uvuguvugu, ilhali hii ya huku ukitia kidole gumba kinakuuliza umekikosea nini.

Tukaanza kupanga mwezi wa Januari. Jambo la kwanza nililofanya ni hesabu, kwa kuwa katika nyumba hii hakuna mtu mwingine anayeona haya mbele ya tarakimu. Vituo ni 238. Likizo yangu ya mwaka mzima, pamoja na sikukuu zote, ni siku 28. Ukigawanya unapata vituo 8 na nusu kwa siku, na nikamwomba mke wangu anieleze hiyo nusu tutaizuru namna gani, tuchungulie dirishani bila kushuka? Isitoshe, 238 hiyo inajumuisha Ireland na visiwa kadha wa kadha, maana taasisi hii haikujali kwamba siku moja kutakuwa na mtu wa Tanga mwenye Toyota ya zamani. Mke wangu akajibu kwamba kama watu wanaweza kukesha baharini bila malipo, mimi siwezi kushindwa kuendesha gari nikiwa nimekaa. Hoja hiyo imetumika tangu Januari kwa kila jambo, kuanzia bei ya hoteli hadi nani atoe takataka.

Baada ya majadiliano ya wiki tatu tulishuka hadi vituo 40, kisha tukaanza kugombana kuhusu mwelekeo. Mke wangu anataka tuizunguke nchi tukiiacha bara mkono wa kushoto, kwa sababu, anasema, hajapata kuona mzunguko wa heri unaokwenda kinyume cha hapo. Shemeji anasema nchi hii magari hupita kushoto, kwa hiyo ni lazima bahari iwe kushoto, ili tuweze kuingia kwenye maegesho ya ufukweni bila kukata barabara. Ninakiri kwa shingo upande kwamba shemeji alikuwa na akili siku hiyo. Hata hivyo, kwa kuwa mimi ndiye niendeshaye na mimi ndiye nilalaye katika nyumba hiyo, tunakwenda kama alivyosema mke wangu, na maegesho tutayatazama kwa mbali upande wa pili wa barabara.

Maegesho yenyewe ni habari nyingine. Siku hizi mashine za sarafu zimeondolewa sehemu nyingi na badala yake unatakiwa kulipa kwa programu ya simu, na kila mji una programu yake, na kila programu inataka anwani, nambari ya gari na neno la siri lenye alama ambayo sijapata kuiona katika maandishi ya binadamu. Simu yangu sasa ina programu 11 za kuegesha gari ambalo halijasogea.

Kisha kuna orodha ya vituo, ambayo kila mtu ameitia mkono wake. Mke wangu anataka Cromer, ambako boti inakaa kwenye ncha ya gati na ambako aliishi Henry Blogg, mvuvi wa kaa aliyetumika kwenye boti za uokoaji kwa miaka 53, akapata medali ya dhahabu ya taasisi mara tatu, na akashiriki kuokoa watu 873. Sina neno na Blogg. Neno langu ni na Southend, ambako boti nayo iko kwenye gati, ila gati lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilomita 2. Kuna treni ndogo inayokwenda mpaka mwisho, lakini mke wangu ameshapiga hesabu ya nauli na kusema kutembea ni afya. Anataka pia Redcar, akaione Zetland, boti ya uokoaji ya mwaka 1802 inayohesabika kuwa kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Nilimwambia kwamba kama ni vyombo vikuukuu vya kusafiria, anacho mlangoni.

Kwa upande wake shemeji anataka Loch Ness. Nilidhani anatania, kwa kuwa sisi tunazungumzia pwani na lile ni ziwa lililo katikati ya milima ya Scotland, lakini kumbe kweli kituo kipo tangu mwaka 2008. Nilipomkumbusha habari za yule mnyama anayesemwa kuishi humo alicheka sana, akasema huo ni uzushi wa Wazungu wa kuvutia watalii. Haya yanasemwa na mtu ambaye mwaka 1995 alilala uani kule Unguja pamoja na mtaa mzima, wamebanana kama dagaa, kwa kumwogopa Popobawa.

Ombi lake la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Anataka tukifika Northumberland tuvuke kwa gari kwenda Lindisfarne, kisiwa ambacho barabara yake hufunikwa na bahari maji yakijaa. Ratiba ya maji imebandikwa pale pale barabarani kwa maandishi makubwa, na bado kila mwaka madereva hukwama katikati, wakapanda kwenye kijumba cha miguu mirefu kilichojengwa kwa ajili yao, wakakaa humo wakitazama gari lao likioga. Wanaokwenda kuwachukua mara nyingi ni boti ya kituo cha Seahouses, nacho kimo katika orodha yetu. Shemeji anasema yeye ni mtoto wa Unguja, anajua bamvua na maji mafu kwa kuutazama mwezi tu, hahitaji ratiba ya mtu. Nami naona wazi jinsi tutakavyofika Seahouses: sisi tukiwa ndani ya boti, na zawadi ya vitumbua tuliyowaandalia ikielea nyuma.

Usiniulize kuhusu Lynmouth. Mwezi Januari mwaka 1899 bahari ya hapo ilichafuka hata boti isiweze kushushwa, na kwa kuwa kulikuwa na meli iliyokuwa hatarini, watu wapatao 100 pamoja na farasi kama 18 waliikokota boti hiyo nchi kavu usiku kucha, kilomita 21, hadi Porlock Weir. Walipanda mlima Countisbury katika upepo na mvua, wakavunja kuta na kukata miti ilipobidi ili boti ipite, na asubuhi wakaishusha majini na kwenda kuisaidia ile meli. Mke wangu huisimulia habari hii kila mara ninaposema kwamba gari letu haliwezi mlima ule likiwa na shemeji ndani. Kwa maoni yangu, wale hawakuwa na shemeji, na walikuwa na farasi.

Nilikaribia kuivunja safari mwezi wa Mei. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye bei ya petroli, goti langu, na wale ndege wa baharini wanaopokonya chakula mkononi, ambao kwa ukorofi wao kunguru wa Unguja ni kama mwanafunzi wa chuo cha maadili. Nilimkuta mke wangu anasoma habari za Penlee, huko Cornwall: tarehe 19 Desemba 1981 watu wanane, wote wa kijiji kimoja cha Mousehole, walitoka katika dhoruba kwenda kuokoa waliokuwa kwenye meli ya Union Star, na hakuna aliyerudi, wala wao wala wale waliowafuata. Siku iliyofuata wanakijiji wengine walikuwa wamekwisha kujitokeza kuunda kikosi kipya. Akafunga kompyuta akasema, "Siku ile ya Spice Islander tungekuwa nao hawa." Mke wangu ni mtu wa Nungwi, na meli ile ilizama karibu na kwao. Hotuba yangu nikaikunja, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kwa hiyo tunakwenda, na mimi sipingi kwenda, napinga namna ya kwenda. Napinga mtu kuniambia kwamba lazima tuvuke bahari hadi Douglas, katika kisiwa cha Man, kwa sababu ndiko alikoishi Sir William Hillary aliyeianzisha taasisi hii, na kwa sababu kuna ngome ndogo iliyojengwa kwa juhudi zake mwaka 1832 juu ya mwamba, ili waliovunjikiwa na meli wapate pa kujihifadhi, wakingojea kuchukuliwa. Nimeitazama nauli ya feri kwa watu watatu na gari, na ninaamini Sir William mwenyewe angeshauri tumwandikie barua. Napinga pia maduka ya kumbukumbu yaliyo katika vituo vingi, ambako mke wangu amekwisha kutenga fedha za kununua vitambaa vya kufutia vyombo vyenye picha za boti. Ninavijua vitambaa hivyo. Havitafuta chombo hata kimoja, kwa sababu ni vya ukumbusho, na mimi nitaendelea kufuta kwa fulana yangu ya zamani.

Sasa ni saa tatu kasorobo. Kwa muda niliokaa hapa, wale watu wangekuwa wameshatoka, wamemvuta mtu na mashua yake mpaka bandarini, wamerudi, wameosha chumvi yote kwenye boti, wameijaza mafuta na kunywa chai. Afadhali mlango umefunguliwa. Anatoka mke wangu, ushungi umefungwa barabara hata tufani ikija itauacha, na nyuma yake shemeji, ananukia udi kama anakwenda kuposa. Wameingia, wamefunga mikanda. Mke wangu amesoma dua ya safari, sote tumeitikia amina, nami nimezungusha ufunguo.

Gari limetoa mlio mmoja mdogo, kama mtu aliyeombwa mkopo, likanyamaza. Nimezungusha tena na halikutoa hata huo. Shemeji ameinama mbele, ametazama swichi ya taa, ametazama redio iliyokwisha kukata sauti, ametazama waya wa chaji ya simu yangu, kisha amenitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu amwone dada yake akiolewa hakusema chochote.

Tumeipigia simu kampuni inayokwamua magari yaliyoharibika. Wamesema wamelipokea ombi letu, na fundi atafika baada ya saa moja na nusu. Mke wangu amemimina chai kutoka kwenye chupa, amegawa sambusa, na ameniomba niwapigie tena niwaulize kama huyo fundi naye anajitolea.