Coaster Yako Usimwachie Fundi Bodi

Siku hizi Dar ukikaa na watu wenye gari la pili na likizo ya kutosha, haipiti muda mmoja wao ataleta habari ya Coaster. Atanunua iliyostaafu udaladala, atang'oa viti, ataweka kitanda, jiko na sola, halafu Desemba ataipakia familia kwenda Lushoto au Matema, walale humo humo bila kulipia lodji. Wazo zuri. Magari yenyewe yapo pia: tangu mwendokasi uanze kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na mjini, njia za daladala zimepanguliwa na kupangwa upya, na Coaster iliyochoka kusombelea abiria bado inaweza kusukuma kitanda na masufuria.

Ugomvi wangu ni hatua inayofuata. Mwenye gari anampa fundi bodi funguo na advansi, anamwonyesha video kwenye simu, "fundi, nataka kama hii," anaondoka zake. Kila Jumamosi anapita kuuliza imefikia wapi. Kwa maoni yangu hapo ndipo gari linapoharibikia, hata kama fundi ni hodari na hajala hela ya mtu.

Hiyo video kwa kawaida ni ya Marekani, na huko mambo yanaendeshwa kwa hesabu nyingine kabisa. Mabasi ya shule ya njano (rangi iliyokubaliwa kwenye mkutano wa mwaka 1939 pale chuo cha ualimu cha Columbia, New York) hustaafishwa yakiwa na miaka kumi na kitu, yakapigwa mnada kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Wengine walikuwa wananunua mabasi ya safari ndefu. Ile Scenicruiser ya kampuni ya Greyhound, basi la ghorofa moja na nusu lililotengenezwa kati ya 1954 na 1956, yalitoka 1,001 tu, na mengi yalipotoka barabarani yaliangukia mikononi mwa watu binafsi wakayageuza nyumba. Kiwanda cha Blue Bird nacho kilianza kuuza basi la kulala lililokamilika miaka ya 1960, kwa wenye pesa zao. Wasio nazo walishika spana wenyewe.

Na hao walioshika spana ni watu wa kila aina ya kazi. Kuna dereva wa malori aliyestaafu, kuna rubani, mwalimu wa hesabu, mpiga gitaa, mchonga vyuma wa kiwandani, kijana wa kompyuta ambaye kazi yake ataifanya popote penye mtandao. Kuna nesi wa mikataba ya wiki 13, leo hospitali ya jimbo hili, baada ya miezi mitatu ya jimbo lile, kwa hiyo nyumba ya kupanga haina maana kwake. Wengine basi lenyewe ndilo linawatafutia riziki: Oktoba wanakwenda kwenye mavuno ya viazisukari kule bonde la Red River, mpakani mwa Minnesota na North Dakota, kiangazi wanasimamia viwanja vya kambi kwenye hifadhi. Kinachowaunganisha wote hao ni kitu kimoja, saa moja ya fundi kwao ni ghali mno. Mwalimu wa hesabu akipiga mahesabu anaona afadhali ajifunze kuchomelea. Anajifunza vibaya, anarudia, mwishowe anaijua kila nati ya gari lake kwa sababu ameifunga yeye.

Ndiyo maana ukiyatazama magari yao ndani unaweza kubashiri mwenyewe anafanya kazi gani. La fundi umeme, kila waya una kibandiko cha namba. La baharia mstaafu halina kitu kisichofungwa kamba au kitasa. La mtu wa kompyuta lina vipima joto vitano na kitanda kibovu.

Hapa kwetu hesabu imegeuka. Mikono ni rahisi, vifaa ndivyo ghali. Mhasibu wa Posta au wakala wa forodha wa bandarini hana sababu ya kununua grainda wakati kwa pesa ya chakula cha mchana cha ofisini atapata kijana wa kukata chuma kutwa nzima. Sisemi ni vibaya, kijana naye anakula. Lakini matokeo yake ni kwamba gari linapita kwa mafundi sita, kila mmoja kalipwa kipande chake, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa habari ya mwenzake. Wahenga waliogopa manahodha wengi. Kwenye Coaster hizi nahodha hayupo kabisa.

Nieleze inavyokuwa. Fundi bodi anachomelea fremu ya kitanda bila kutoa waya wa betri, alternata inaanza kusumbua, na atakayelaumiwa ni fundi umeme. Fundi umeme mwenyewe ni wa nyumba, anapitisha waya wa nyumba, ule wenye uti mmoja mgumu, ambao ukutani unakaa miaka thelathini na kwenye gari linalotikisika unachoka mapema na kukatika. Fundi bomba analeta zile bomba ngumu za kuyeyusha kwa moto anazofunga Tegeta na Mbezi kwenye nyumba mpya. Safi sana kwenye nyumba. Kwenye bodi inayojinyonga kila ikipanda tuta, kiungio kinaanza kulia machozi chini ya sinki. Kisha anakuja seremala na kabati lake kutoka Keko, limeshakamilika, limeshapigwa vanishi, la mninga mtupu. Kabati linakataa kuingia mlangoni. Likiingia, linakataa kukaa, kwa sababu ukuta wa Coaster haujanyooka popote: unabonyea kiunoni, unajikunja kuelekea paa. Kinapigwa kipande cha mbao nyuma kuziba pengo. Drili inapita kwenye waya. "Bosi, kwangu tayari, mwite wa umeme aje aangalie."

Ukiuliza nani mwenye kosa, hakuna. Kila mmoja kafanya kazi yake ya kila siku, isipokuwa kazi yake ya kila siku ni nyumba, na nyumba hazipandi matuta.

Mimi ningekuwa na Coaster, watu wangu wa kwanza nisingewatafuta gereji. Ningeanza na fundi mashua. Wapo Kunduchi, wapo Kigamboni, wamezoea kuta zilizopinda toka utotoni na hawajui kabisa kazi ya kona mraba. Fundi mashua hachukui vipimo kwa futi na kuondoka. Anakata kiolezo, anakipachika, anakipunguza, anakipachika tena. Anajua pia kwamba chombo hujinyonga, na kiungo kikikazwa kupita kiasi ndicho kitakachopasuka. Nilimtazama mmoja akipunguza ubao kwa randa, unyoya baada ya unyoya, akiupeleka pale pake na kuurudisha, mpaka ukaingia kwa kusukumwa na kiganja tu. Hakuna aliyepiga nyundo. Mbao angechagua paini za Mafinga, nyepesi, siyo mninga wa kumwonyesha shemeji.

Kwa umeme ningemchukua fundi sola aliyekulia kufunga mitambo midogo vijijini, kule ambako betri moja inawasha taa nne na kuchaji simu za kijiji. Huyo anajua umeme mdogo unavyopotea kwenye waya mwembamba mrefu, anaweka fyuzi karibu na betri bila kukumbushwa, na atakuuliza swali ambalo kishoka, yule fundi umeme asiye na leseni, hawezi kukuuliza: gari lenyewe ni la volti ngapi? Maana Coaster nyingi za dizeli kutoka Japani zina umeme wa volti 24, na friji ndogo uliyoiona dukani inataka 12.

Fundi viti simtaji sana, kila mtu anaye wake. Niongeze tu kwamba amegeuza magari mengi kuliko hao wote. Anayeng'oa viti vya nyuma ili jeneza likae na wafiwa wapate pa kuketi mpaka Moshi au Bukoba ni yeye. Coaster ikigeuzwa kibanda cha chipsi au kliniki ya kupima macho, yeye tena. Hakuna aliyewahi kumpigia picha wala kumwita mbunifu. Ukimuuliza nafasi ya kupita katikati iwe pana kiasi gani hafungui futi, anasimama, anajipinda kama konda aliyebeba mtoto wa abiria, anasema hapa.

Lakini mtu ambaye ningemtafuta hata kwa nauli ya bajaji ni utingo. Utingo wa zamani, wa malori ya Zambia na Kongo. Tunapenda kusema Watanzania hatuna utamaduni wa kuishi kwenye gari, kana kwamba kutoka Dar mpaka Tunduma, zaidi ya kilomita 900, watu wanatembea na hoteli. Foleni ya mpakani ikigoma inagoma kwa siku kadhaa. Dereva na utingo wake wanapikia ubavuni mwa tela, wanaoga kwa dumu, wanafua, wanalala kwenye kabini au chini ya chasi kukiwa na joto, na mzigo uko salama. Fungua lile sanduku la chuma lililoning'inia pembeni ya tela: jiko lipo upande usiopigwa na upepo wa barabarani, sufuria zimeingiliana, unga kwenye ndoo ya mfuniko wa kukaza, chumvi kwenye chupa ya maji, kisu kimechomekwa kwenye kipande cha mpira wa tairi ili kisicheze. Kila kitu kiko hapo kwa sababu kiliwahi kukaa pengine kikamwagika.

Huyo mtu ukimweka ndani ya Coaster tupu atakwambia mambo ambayo video haisemi. Atakwambia mtungi wa gesi usikae ndani unakolala. Tanki la maji liwe chini na katikati, kwa sababu lita 200 ni kilo 200 na zikikaa zote ubavu mmoja utaziona kwenye kona ya kwanza ya Kitonga. Atakukataza pia kuziba madirisha, na hapa namuunga mkono kwa mikono miwili. Nimeona watu wanaiga Wamarekani, wanaziba vioo kwa bati na kujaza sponji ukutani kama wanakwenda kulala kwenye theluji. Coaster imezaliwa na madirisha ya kuteleza pande zote mbili. Dar Januari, saa nne usiku, hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote ulivyonunua. Weka wavu wa mbu, acha upepo upite, sponji peleka juu kwenye paa ambako jua linapiga.

Sasa mwenye gari, yule mhasibu wetu, afanye nini? Ang'oe viti. Mwenyewe. Hata kama hatagusa kitu kingine, hicho afanye. Kung'oa kiti cha Coaster kunataka watu wawili, mmoja ndani na spana, mwingine chini ya gari akishikilia nati isizunguke, na kwa kuwa gari limelala miaka kwenye chumvi ya pwani, nati zimeungana na bolti. Mnapigiana kelele kupitia sakafu, "shika!", "inazunguka!", "lete grainda!" Ukimaliza safu moja umeshajua mambo ambayo fundi bodi asingekwambia. Umeona plaiwudi ya sakafu imeoza wapi, mara nyingi juu ya matairi ya nyuma na pale mlangoni konda alipokuwa anasimama na viatu vyenye maji ya mvua. Umeona waya za zamani zinapita wapi. Umejua kwa bega lako mwenyewe kiti kina uzito gani, na kuanzia hapo mtu akikuletea kabati la mninga utalipima kwa macho. Mhasibu ana faida yake hapa pia, maana kazi ya kujua nani anafuata nani, nani asilipwe mpaka mwenzake amekagua, ni uhasibu mtupu. Nesi angepanga makabati vizuri kuliko seremala yeyote. Mwalimu angeandika ubaoni kila Jumamosi kilichobaki. Kazi zao wanazo, wanaziacha getini mwa gereji.

Pesa nayo ilipwe kwa siku, siyo kwa kipande, angalau wiki zile mbili za mwanzo ambapo mafundi wanapaswa kuwa pamoja. Fundi wa kipande ana haraka na ana haki ya kuwa nayo, kuna mteja mwingine anamsubiri Tabata. Utasema gharama inapanda. Inapanda, ndiyo, na bado ni chini ya kufumua ukuta ili umtafute aliyetoboa waya.

Na kabla ya grainda, karatasi. Kadi ya gari inataja aina ya bodi, rangi na idadi ya viti, kwa hiyo nenda TRA ukaulize utaratibu wa kubadilisha kabla hujaibadilisha, halafu zungumza na trafiki wa ukaguzi na watu wa bima. Bima ya daladala ya abiria 29 haijui habari za jiko la gesi. Uzito nao upimwe mapema, gari likiwa na maji, godoro na watu wake. Abiria 29 wa kilo 65 ni karibu tani mbili, kwa hiyo Coaster haiogopi mzigo wako, inachouliza ni umeuweka wapi. Ukitoka Dar kwa Barabara ya Morogoro kuna mizani Vigwaza. Ni afadhali ujue namba yako kabla hujafika pale na watoto wamelala nyuma.

Utingo ninayemsema yupo Mbagala, amestaafu kwa ajili ya mgongo. Nilipomuuliza angetaka shilingi ngapi kukaa siku nzima ndani ya gari tupu na kuelekeza tu, alicheka, akauliza kama chakula kipo.