Lango la Hakone: Ulinzi wa Nchi au Mzigo wa Wanawake?

Mwaka 1619 serikali ya Tokugawa, ukoo wa kijeshi uliotawala Japani, iliweka kituo cha ukaguzi Hakone, mahali ambapo barabara kuu ya Tokaido, kutoka Edo (Tokyo ya leo), makao ya serikali hiyo, kwenda Kyoto, inabanwa kati ya mlima na Ziwa Ashi. Palikuwa na malango mawili, uzio uliopanda mlimani na kushuka hadi majini, na askari kileleni waliotazama kama kuna mashua inayovuka ziwa kwa siri. Kituo hicho kilidumu hadi mwaka 1869, na hadi leo hakijapata hukumu moja: wapo wanaokiona mhimili wa amani ya Japani, na wapo wanaokiona chombo cha kuwabana watu wasio na kosa.

Wanaokitetea huanza na msemo wa enzi hizo, "iri-deppo ni de-onna", yaani bunduki ziingiazo na wanawake watokao. Mwaka 1635 Iemitsu, shogun (mtawala wa kijeshi) wa ukoo wa Tokugawa, aliweka sheria iliyowalazimu daimyo, mabwana wa majimbo, kwenda kukaa Edo kwa zamu, huku wake zao na warithi wao wakibaki mjini humo kama dhamana. Bwana aliyepanga kuasi angehitaji kwanza kupenyeza silaha na kutorosha familia, kwa hiyo mke wa daimyo aliyekamatwa njiani akiwa amejibadilisha sura alikuwa onyo kubwa kuliko barua ya jasusi yeyote. Tena baada ya uasi wa Shimabara kuzimwa mwaka 1638, nchi ilikaa takriban karne mbili bila vita kubwa.

Hoja hiyo ina uzito, ila inalipatia lango sifa ambazo nyingine si zake. Safari zenyewe za zamu, pamoja na misafara mirefu ya watumishi na gharama za nyumba mbili, zilikausha hazina za mabwana, na wakulima walikwisha kunyang'anywa panga tangu amri ya mwaka 1588 ya Hideyoshi, mtawala aliyewatangulia Tokugawa. Zaidi ya hayo, Hakone haikushughulika sana na bunduki. Kazi hiyo ilikuwa hasa ya kituo cha Arai, mbele zaidi kwenye barabara hiyohiyo. Macho ya Hakone yalikuwa kwa wanawake wanaotoka Edo.

Hapo ndipo utetezi unapolegea, kwa sababu waliopita pale wengi hawakuwa wake wa daimyo. Mwanamke alihitaji hati iliyotaja hadhi yake, aendako, mtindo wa nywele zake, makovu na hata baka la mwilini. Kituoni mkaguzi wa kike alimfungua nywele na kuzipekua, akilinganisha kila alichokiona na kilichoandikwa, na hati iliyokosea jambo dogo ilitosha kumrudisha mwenye safari alikotoka. Mwanamume wa kawaida aliyeelekea upande huohuo hakupata usumbufu wa kiasi hicho. Kwa maoni yangu, ukaguzi huo ungeweza kueleweka katika miongo ya kwanza, wakati vita vilikuwa bado kumbukumbu ya karibu. Karne moja baadaye hofu ilikuwa imezeeka, lakini vidole viliendelea kupekua nywele zilezile.

Wapo watakaosema kwamba ukali ulikuwa zaidi katika maandishi. Ni kweli kwamba kukwepa lango kwa kupita milimani kuliadhibiwa kwa kusulubiwa, na ni kweli pia kwamba maofisa mara nyingi walimwandika aliyekamatwa kuwa amepotea vichakani, wakamfukuza arudi alikotoka bila kesi. Ninakiri kuwa huo ni ubinadamu. Hata hivyo, huruma ya ofisa haikuwa haki ambayo msafiri angeweza kuidai. Ilitegemea nani yuko zamu siku hiyo.

Msichana aitwaye Otama hakuipata. Alikuwa mtumishi mjini Edo, akatoroka akitamani kurudi kwao Izu, akakamatwa akijaribu kulizunguka lango, na mwaka 1702 akauawa. Bwawa moja lililo karibu na njia ya zamani linaitwa kwa jina lake hadi leo. Hakuwa mke wa daimyo, wala hakubeba bunduki.