Mji Ukianza Kukudai, Ujue Umefika

Kila nikipiga simu nyumbani Mbeya swali ni lile lile, "utarudi lini?", na nikijibu sijui, sauti ya mama inabadilika kabisa, ananiambia pole mwanangu, kama vile nimesema naumwa. Watu wengi wana picha yao ya mtu anayefanya kazi nje, lazima awe mpweke, anakula vya makopo, anahesabu siku. Alafu kuna wale wa upande wa pili wanaoamini nje ni dola tupu na raha. Sasa mi niko hapa Lubumbashi, mji wa Katanga kusini mwa Congo (DRC), kazi yangu ni kuhangaika na makaratasi ya mizigo inayotoka bandari ya Dar na kupita Tunduma, Zambia yote, hadi mpakani Kasumbalesa, na naomba nitoe maoni yangu maana naona hizo picha zote mbili zinakosea.

Kwanza mnijue nakaa wapi. Nakaa Kenya. Mama alishawatangazia majirani kwamba nimehamia Nairobi, ikabidi nimweleze taratibu kwamba Kenya ni komini ya hapa hapa Lubumbashi, jirani na Kamalondo na Katuba, mtaa wa watu wengi, vumbi jingi, muziki mpaka usiku, na soko ambalo ukiingia na haraka zako unatoka bila haraka. Wenzangu wengi wa kigeni wanakaa upande wa Golf, fensi ya umeme, jenereta, mlinzi getini, gari la kampuni linawachukua asubuhi na kuwarudisha jioni. Ijumaa wanakutana wao kwa wao, Wasauzi na Wasauzi, Wachina na Wachina, na sisi Watanzania tuna grupu letu la WhatsApp ambalo asilimia kubwa ni kulalamika, umeme umekatika, bei zimepanda, dola yangu imekataliwa kwasababu ina kachaniko kadogo pembeni (hili la dola ni kweli jamani, huku noti ikichanika hata kidogo kama ukucha muuzaji anaiinua juu kwenye mwanga, anaigeuza, anakurudishia bila neno). Siwasemi vibaya, grupu limenisaidia sana nilipofika, nyumba yenyewe nilipata kupitia mtu wa humo. Ila mtu akikaa humo tu miaka na miaka alafu aseme mji huu hauna maisha, mi namwangalia.

Maoni yangu ni haya. Furaha ya ugenini haiji kwasababu umeupenda mji. Kuupenda mji kila mtu anaweza, hata mtalii wa wiki moja. Inakuja siku mji wenyewe unapoanza kukudai, yaani watu wanapoanza kukupangia, kukuchangisha, kukasirika usipotokea. Kabla ya hapo we ni mgeni anayeheshimiwa tu, na heshima ya mgeni ni tamu lakini haishibishi.

Nilikula hiyo heshima muda mrefu. Papa Tanzania karibu, Papa Tanzania kaa kwenye kiti hiki, chakula chako kinaletwa pembeni na sahani yake, wanacheka Kiswahili changu eti naongea kama padre. Na kuna Samatta. Ukisema tu umetoka Tanzania, konda, kinyozi, askari, wote wanakujibu Samatta! Mbwana Samatta, mwanasoka wetu, alikuja TP Mazembe, timu ya hapa, mwaka 2011 akitokea Simba, na mwaka 2015 kwenye fainali ya marudiano ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya USM Alger akafunga penalti hapa hapa kwenye uwanja wa Kamalondo, Mazembe wakachukua kombe lao la 5. Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika, mwezi huo huo akaenda Genk ya Ubelgiji. Ameondoka siku nyingi lakini aisee, kijana yule amenifungulia milango mingi kuliko pasipoti yangu. Ila hapo bado nilikuwa naishi kwa jina la mtu mwingine.

Kilichobadilisha ni matanga. Kwenye lupango tunamokaa (lupango ndo ile parseli yenye nyumba kadhaa, wapangaji mlango kwa mlango, bomba moja) alifariki mzee wa nyumba ya mbele. Viti vya plastiki vikatoka, turubai likafungwa kwenye mwembe, moto ukawashwa uani maana ilikuwa mwezi wa saba na Lubumbashi mwezi wa saba usiku ni baridi ya kweli, sio utani, mji uko juu karibu mita 1,200. Mi nilikuwa nimesimama pembeni na bahasha yangu mfukoni, nikisubiri nafasi ya kuikabidhi kiungwana kisha niondoke, kama mgeni anavyofanya. Bibi bayeri, yule mama mwenye lupango, alikuwa amekaa kwenye kigoda na kaye ya shule, zile za mistari, kalamu imefungwa na uzi, anaandika majina na kila mtu analeta nini. Kijana mmoja akamuuliza, "Ule wa Tanzania, eko mu kaye?" Bibi hakuinua hata macho, akasema "Eko," alafu akaniita, "Weye papa, utaleta makala, mifuko mbili, na hapana kuchelewa." Makala huku ndo mkaa.

Hakuniomba, alinipangia. Bahasha yangu nayo aliichukua, akaandika, akaendelea na wengine. Usiku ule nimetafuta makala mpaka kiatu kikachakaa, kila ninapouliza wamefunga, nikayapata kwa shida kwa mama mmoja wa njia ya Katuba, nikarudi nimebeba mfuko mmoja mwenyewe na mwingine uko kwenye manseba, ndo pikipiki za huku, na nilipofika nikakaripiwa kwa kuchelewa mbele ya watu. Kwakweli sijawahi kufurahia kukaripiwa kama siku ile. Nilikaa kwenye moto mpaka asubuhi na wazee wakicheza karata na hakuna aliyenipisha kiti.

Baada ya hapo ikaja likelemba. Wasioijua ni kama upatu wetu, kila mwezi mnatoa kiasi kile kile, mmoja anabeba chote, mwezi ujao mwingine. Hakuna mkataba, hakuna benki, na ndo maana mgeni haingizwi hivi hivi, kwasababu akibeba mwezi wa pili akapanda basi la Kasumbalesa nani atamfuata Mbeya? Kuingizwa kwenye likelemba maana yake kuna watu wamekaa wakajadili, wakaamua kwamba mwezi wa sita na wa saba na wa nane huyu atakuwepo. Kuna kibali gani cha ukaazi kinachosema hivyo? Kibali changu cha serikali kinasema tarehe ya kuisha.

Kuhusu chakula sichelewi, bukari ni ugali, sombe ni kisamvu, mtu wa Mbeya hapotei. Kikanda ndo nimekipenda kupita kiasi, ile kama mkate wa mizizi inayopondwa na karanga na pilipili, na kinywaji cha munkoyo, ya baridi, mchana wa mwezi wa kumi majakaranda yakiwa zambarau mji mzima. Vinkubala, viwavi vya kukaanga, nakula, ila sitaki kudanganya kwamba naviota usiku.

Kuna mtu ataniambia mbona unajipendekeza, we hutakuwa Mkongo kamwe. Sawa, na mi siombi kuwa Mkongo. Lakini angalieni mji wenyewe. Walamba walikuwepo kwenye ardhi hii, ila mji kama mji Wabelgiji wameuanzisha 1910 wakauita Élisabethville, reli ikafika mwaka huo huo ikitokea kusini Rhodesia, alafu Union Minière, kampuni ya madini, ikaanza kusomba vibarua wa shaba kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Nyasaland (Malawi), Kasai ya hapa hapa Congo, mpaka Ruanda-Urundi. Wagiriki wakaja, Wataliano wakaja, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes wakaja wakajenga sinagogi ambalo lipo mpaka leo. Moïse Katumbi, rais wa Mazembe, baba yake ni Myahudi wa huko huko Rhodes na mama yake Mkatanga. Ukimuuliza mtu wa hapa babu yake katoka wapi, mara nyingi unapewa jina la mbali. Kwahiyo ugeni hapa sio ajabu, ajabu ni kukaa bila kuhesabiwa popote.

Lakini pia nisipambe. Mji huu huu na mkoa huu unajua kufukuza. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wengine wamezaliwa hapa na wazazi wao wamezaliwa hapa, familia zikakaa stesheni ya Likasi na ya Kolwezi na masanduku yao zikisubiri treni, na wengi walikufa kwa magonjwa. Hao walikuwa kwenye kaye zote za mtaa, walishazikana na majirani zao, na haikuwasaidia. Nikimsikia mzee fulani baa anaanza habari za "wenye mji" na "waliokuja", nasogeza glasi yangu nasikiliza vizuri. Sijui hilo linajibiwaje kwa maoni yangu ya matanga na likelemba, labda halijibiwi. Ninachoweza kusema ni kwamba fensi ya umeme ya Golf nayo hailijibu.

Wenzangu wa kwenye grupu wanasema naongea hivi kwasababu sijaoa na sina watoto wa kusomesha, nitabadilika uchaguzi ujao ukikaribia maneno yakipanda joto. Inawezekana. Kwasasa bibi bayeri ameshachukua kodi yangu mpaka Disemba, na likelemba zamu yangu ni mwezi wa tisa, nimeshaweka oda ya friji.