Kurudia Kazi za Video za Wakongwe: Tunajifunza au Tunakariri?

Katika somo la sanaa ya video kuna zoezi moja lisilokosa kuzua ubishi darasani: chagua kazi ya zamani inayohesabiwa kuwa ya wakongwe, uirudie mwenyewe kwa kamera uliyonayo, kisha uandike uhakiki wake. Wapo wanaoliona zoezi hili kuwa bora kuliko mihadhara yote ya muhula. Wapo wanaosema linatufundisha kuiga Wamarekani ili tupate alama. Mimi nililifanyia Ujiji, uani kwa bibi yangu, wakati wa likizo ndefu, na nimetoka nalo nikiwa na msimamo usiofurahisha kambi yoyote: kurudia kazi ya mkongwe kuna faida pale tu kazi inapogoma kurudiwa. Ikikubali bila shida, umepoteza mchana wako.

Nilichagua Semiotics of the Kitchen ya Martha Rosler, msanii wa Marekani, ya mwaka 1975. Ni video ya dakika kama sita, nyeusi na nyeupe. Mwanamke amesimama jikoni nyuma ya meza, kamera imemkabili na wala haisogei. Anaokota chombo kimoja kimoja kwa mpangilio wa alfabeti ya Kiingereza, anakitaja kwa sauti kavu, anaonyesha kinavyotumika. Ila matumizi yenyewe yamepinda. Kisu kinachoma hewa, upawa unachota mchuzi usiokuwepo na kuumwaga pembeni. Herufi za mwisho hazina chombo; anaziandika hewani kwa mikono yake. Mwishoni anapandisha mabega, basi. Anayedhihakiwa ni mpishi wa televisheni ya Marekani, kina Julia Child, na kile kicheko cha mama wa nyumbani ambaye jiko ndilo furaha yake yote.

Hapo wapinzani wa zoezi wana hoja nzito. Dhihaka lazima iwe na mwenyewe. Wakati Rosler anarekodi, Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa. Zanzibar walikwisha kuanza yao mapema miaka ya 1970, lakini huku bara vituo vya kwanza vilikuja 1994, na Kigoma wengi waliipata baadaye, kwa madishi. Bibi yangu alijifunza kupika, akaolewa, akalea watoto wote bila kumwona mpishi yeyote akitabasamu kwenye skrini. Sasa mimi uani kwake namdhihaki nani?

Na si Rosler peke yake. Nam June Paik alionyesha runinga alizozivuruga picha huko Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1963. Richard Serra, mwaka 1973, alipitisha maandishi kwenye skrini yakimwambia mtazamaji kwamba yeye ndiye bidhaa inayouzwa kwa wenye matangazo ya biashara. Dara Birnbaum, mwaka 1978 hadi 1979, alikata vipande vya tamthilia ya Wonder Woman na kuvirudiarudia mpaka shujaa yule akaonekana mfungwa wa mizunguko yake mwenyewe. Sehemu kubwa ya kazi tunazoambiwa ni za msingi ni ugomvi na televisheni ya watu wengine. Mwanafunzi wa Kigoma anayeupokea bila kuuliza ni kama mpangaji mpya anayegombania mirathi ya mwenye nyumba.

Hoja hiyo niliibeba nzima nzima mpaka nilipoanza kurekodi. Nilifuata kila kitu: meza nikaitoa ndani, simu nikaisimamisha usawa wa kifua, bakuli, chujio, kisu na mwiko nikavipanga mbele yangu. Picha ilikuwa ya uongo. Kwa bibi hakuna anayepika amesimama nyuma ya meza. Jiko la mkaa liko chini, kinu kiko chini, anayepika ameketi kwenye kigoda au ameinama. Vyombo vilivyopangwa mezani vilionekana kama vya kuuza. Nikaishusha simu hadi usawa wa magoti, na hapo likazuka jambo ambalo hakuna makala iliyonitajia: ukimrekodi mwanamke aliyeinamia sufuria unapata mgongo na kanga, uso haupo. Rosler muda mwingi anamkazia macho mtazamaji, na nguvu ya ile video iko kwenye macho yale makavu. Ile meza ndiyo inayomwezesha kusimama wima. Nilikuwa nimeitazama video hiyo mara nyingi sana na sikuwahi kuiona meza.

Kinu nacho kilikuwa na ubishi wake. Rosler inabidi aichome hewa kwa sababu vyombo vyake, vikilala mezani, havina madhara kwa mtu. Ukali anauleta yeye. Mchi hauhitaji mwigizaji. Nilipotwanga sombe (kisamvu, kwa wasio wa Kigoma) mchi ulipiga kwa kishindo kile kile cha kila siku, na hakuna aliyeona hasira yoyote pale. Niliongeza nguvu, ikaonekana tu kwamba nina haraka. Kilichobadilisha picha ni nilipouacha mchi ndani ya kinu, sombe ikiwa haijalainika, nikanyanyuka na kuitazama simu. Jirani aliyekuwa akipepeta maharage kando alicheka, akamwambia bibi: “Huyu hapiki, huyu kaachika.”

Jirani huyo hajawahi kumsikia Rosler wala kumwona Julia Child. Alichokisoma ni mwanamke aliyegoma katikati ya kazi. Kwa hiyo wapinzani wanaposema kwamba kazi hii haituhusu kwa kuwa televisheni haikuwepo, wanasema nusu. Televisheni ni ganda. Ndani yake kuna mwanamke anayetakiwa kufanya kazi na uso wa kuridhika juu yake, na huyo Ujiji yupo tele. Lakini nusu ya pili nayo siwezi kuiacha. Jirani alimtafuta mume. Katika video ya Rosler hakuna mwanamume anayeonekana wala kutajwa. Hasira ni ya jiko lenyewe na lugha yake. Uani kwetu mwanamke hasimamishi kazi bila kuwepo mume nyuma ya kisa. Hilo ndilo lililonipa uhakiki wa kuandika, na nisingelipata kwa kutazama tu na kunukuu wataalamu.

Kazi nyingine zinakubali kurudiwa kirahisi mno. Katika Centers ya Vito Acconci, ya mwaka 1971, msanii ananyoosha mkono kwa dakika kama ishirini, kidole kikilenga katikati ya monita inayomwonyesha yeye mwenyewe. Anayetazama leo anajikuta ndiye anayenyooshewa. Rosalind Krauss, mhakiki wa sanaa wa Marekani, katika insha ya mwaka 1976, aliianza hoja yake na kazi hii, akidai kwamba tabia ya video ni kujipenda, monita ikifanya kazi ya kioo cha kujitazamia. Miaka ile kujiona papo hapo huku unarekodiwa kulikuwa jambo geni. Leo kamera ya mbele ya simu imemfanya kila kijana wa Mwanga na Katubuka kuwa na monita yake mfukoni. Ukirudia Centers kwa simu unapata maumivu ya bega. Wanaolitetea zoezi hujibu kwamba urahisi huo ndio ugunduzi, yaani kilichokuwa jaribio kimekuwa mazoea. Sawa, ila ugunduzi huo ni wa aya moja, hauhitaji dakika ishirini za mkono. Labda kwa upande wa adabu kungekuwa na jambo: ukimwonyesha mzee wa Ujiji video hiyo hataanza na habari za kioo, atauliza huyu kijana anamnyooshea nani kidole, na kalelewa na nani.

Mwenzangu wa Tabora alithubutu kuliko mimi. Aliichukua video hiyo hiyo ya Rosler akampa kijana anayetafsiri filamu kwenye kibanda umiza (banda la mtaani la kuonyeshea filamu), aizungumzie juu kama anavyozizungumzia filamu za Kichina na za Kihindi. Kwenye vibanda hivi mtafsiri haishii kwenye maneno. Anawapa waigizaji majina, anatania, anatabiri, anawasuta wabaya. Lufufu alijijengea jina Dar es Salaam kwa kazi hiyo, na mpaka leo filamu zilizotafsiriwa zinahamishwa kwenye flashi kwa bei ya chini mjini kote. Rosler akawa Mama Asha. Mumewe amechelewa kurudi, kila chombo kikapata kisa chake, kisu kikawa cha mke mdogo. Watu walicheka mwanzo mpaka mwisho, jambo ambalo video yenyewe haijawahi kufanikiwa darasani kwetu.

Darasa liligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema hiki ndicho tulichokuwa tunakitafuta: kazi imeingia kwenye utamaduni wetu wa kutazama, imezungumzishwa, imekuwa yetu. Upande mwingine ukauliza swali ambalo halikupata jibu zuri. Mwanamke anayetaja vyombo kwa sauti yake amefunikwa na sauti ya mwanamume anayetuambia yeye ni nani na anawaza nini. Kazi iliyotungwa kupinga kusemewa, imesemewa dakika zote sita. Kwa maana ya kazi, niko na upande huu wa pili. Kwa alama, ningempa mwenzangu nyingi kuliko zangu. Kama jirani wa bibi, naye mtafsiri alileta mume palipokuwa hapana mume, na safari hii tulimsikia akimleta, sentensi kwa sentensi, huku ukumbi ukimshangilia. Nani alikuwa amewahi kukihakiki kibanda umiza kwa namna hiyo?

Wanaolipinga zoezi hupenda kutoa mfano wa Tingatinga. Edward Said Tingatinga alianza uchoraji wake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na akafariki 1972. Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza mtindo kwa kuiga. Leo tembo na twiga wale wale wamejaa kwenye maduka ya watalii, na hilo linatajwa kuwa ushahidi kwamba kuiga kunaua. Mimi naona ushahidi unakwenda pande zote mbili. Kuiga huko huko kumetoa mafundi hodari, wengine wakiwa na mkono wa peke yao ambao ukiuona unautambua. Tofauti kati ya hawa na wale, kwa macho yangu, iko kwenye kuulizwa. Mteja wa dukani hamuulizi mchoraji ni wapi twiga alimsumbua. Zoezi letu linauliza, na likiacha kuuliza, likabaki kupima tu kama umefanana na mwenye kazi, wapinzani watakuwa sahihi moja kwa moja.

Hoja kwamba kurudia ni kuwakosea heshima wakongwe naipita haraka, maana wakongwe wenyewe wanafanya. Mwaka 2003 Rosler aliirudisha video yake kwenye ukumbi wa Whitechapel, London, safari hii vyombo vikishikwa na wanawake wengine. Mwaka 2005 Marina Abramović alitumia usiku saba kwenye jumba la Guggenheim, New York, akirudia kazi za wenzake, zikiwemo za Bruce Nauman na za huyo huyo Acconci, pamoja na zake.

Kinachonikera mimi ni orodha. Tunapewa majina ya kuchagua, na karibu yote ni ya Marekani na Ulaya ya miaka ya 1960 na 1970. Ubora si sababu pekee. New York kuna Electronic Arts Intermix, iliyoanzishwa 1971, ambayo imehifadhi na kusambaza kanda za wasanii kwa miongo kadhaa. Kilichohifadhiwa ndicho kinachofundishwa, na kinachofundishwa ndicho tunachokirudia, mara nyingi kwa kutazama nakala hafifu mtandaoni mpaka bando liishe. Hata William Kentridge wa Johannesburg, ambaye tangu 1989 amekuwa akichora kwa mkaa, akifuta na kupiga picha kila badiliko kwenye karatasi ile ile, hakuwemo kwenye orodha yetu. Mkaa, jamani.

Kigoma nayo ina video zake za wakongwe, ni vile tu hakuna aliyeziita hivyo. Nazungumzia kanda za harusi, tangu enzi za VHS. Ziangalie kwa jicho la mwanafunzi wa Krauss. Taa ya kamera inawashwa, foleni ya kutunza inaanza kwa mdundo, na kila anayefika kwenye mwanga anapunguza mwendo, anaikunjua noti, anaipandisha juu kidogo kuliko inavyohitajika kabla ya kuiweka kwa bibi harusi. Mpiga video anajua amkawize nani na ampite nani. Aliyetoa noti ndogo anabaki nusu bega. Watu hawa walikuwa wanajua kujitazama wakitazamwa bila monita, wakisubiri kuona kanda sebuleni wiki zijazo, na kanda hiyo ikirudishwa nyuma mara kumi ili shangazi ajione. Nyingi sasa zinaota ukungu makabatini, na mashine za kuzichezea zimekufa.

Ningepewa zoezi hilo tena, ningerudia foleni ya kutunza ya harusi moja ya Ujiji, hatua kwa hatua, na watu wengine, mchana kweupe, bila muziki. Kizuizi ninachokiona si vifaa. Abramović aliomba ruhusa kwa wasanii au kwa warithi wao. Kwenye kanda ya harusi kuna bibi harusi ambaye huenda ndoa ilishavunjika, kuna wazee waliokwisha kufariki, kuna mpiga video aliyelipwa akaondoka, na kuna baba aliyelipa. Mwanafunzi akipiga hodi aombe ruhusa, apige mlango wa nani kwanza?