Skyline Ileile, Jina Jipya: Magari Pacha Katika Gemu za Mbio

Fungua orodha ya Nissan katika Gran Turismo 4, gemu iliyotoka Japani mwishoni mwa 2004, ushuke taratibu mpaka kwenye Skyline GT-R ya kizazi kinachoitwa R34. Utaanza na GT-R ya kawaida. Kisha V-spec, V-spec II, M-spec, V-spec II Nür, M-spec Nür. Umbo ni moja. Injini ni ileile RB26DETT, lita 2.6, silinda sita, turbo mbili. Hata nguvu iliyotangazwa na kiwanda ni ileile, farasi 280, kwa kuwa watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasitangaze zaidi ya hapo, na makubaliano hayo yalidumu hadi 2004.

Hayo ni magari sita au ni moja? Asiyecheza ataona ni swali la kitoto, lakini wanaocheza wamelibishania kwa miaka mingi, na mimi ni mmoja wao. Gemu inaponiambia ina magari elfu moja, nataka kujua imehesabu nini.

Ubishi huo ulipamba moto zaidi ilipotoka Gran Turismo 5, Novemba 2010. Tangazo lilikuwa na kishindo: magari zaidi ya 1,000. Ndani ya hesabu hiyo, takriban 200 ndiyo yaliyoundwa upya kwa ajili ya PlayStation 3, yakaitwa Premium. Mengine kama 800, yaliyoitwa Standard, yalibebwa kutoka gemu za nyuma za PlayStation 2 na PSP. Gemu ilipotoka, hayo ya Standard hayakuwa na mwonekano wa ndani kabisa. Ukitaka kuendesha ukiwa kwenye kiti cha dereva, usukani na dashibodi vikiwa mbele yako, ilibidi uchague kutoka kwenye yale 200.

Pacha wengi, yaani magari yanayotofautiana kwa jina au toleo tu, walijazana katika kundi hilo la Standard. Mfano wa wazi ni kile kigari cha Mazda cha viti viwili, kisicho na paa, kilichoanza kuuzwa 1989. Japani kilikuwa Eunos Roadster, Marekani MX-5 Miata, Ulaya MX-5. Gemu ikayapa majina hayo nafasi zake, kisha ikaongeza ya mwaka huu, ya mwaka ule, na ya toleo maalumu. Honda NSX ikifika Marekani inaitwa Acura NSX. Mitsubishi GTO ikivuka bahari inakuwa 3000GT. Beji imebadilika, pengine usukani umehamia upande wa pili, na hesabu imepanda kwa moja.

Wanaolalamika wana haki, na hawalalamikii namba peke yake. Pacha hawa huziba njia. Duka la magari yaliyotumika katika Gran Turismo 5 lilionyesha magari machache kwa wakati, na orodha ilibadilika kadiri ulivyoendelea kucheza. Anayesubiri gari moja la zamani la Kiitaliano anarudi pale siku baada ya siku, na kila akirudi anapokewa na Roadster mbili, Skyline tatu na Lancer mbili zinazopishana kwa herufi moja tu. Tatizo kama hilo lipo katika gemu yoyote inayogawa gari la zawadi kwa bahati nasibu. Pacha wakiwa wengi kwenye kapu, uwezekano wa kuokota kitu ambacho mkono wako haujawahi kukigusa unapungua.

Upande wa pili nao una hoja, na ni hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Historia ya magari yenyewe ni historia ya matoleo. Porsche ilipotoa 911 Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973, iliiuza kwa sura mbili kuu: Touring, yenye starehe za gari la kila siku, na Sport, iliyovuliwa karibu kila kisichosaidia kwenda mbio. Ukisimama mita ishirini utapata shida kuzitofautisha, lakini Touring ina uzito wa takriban kilo 100 zaidi. Mitsubishi nayo iliuza Lancer Evolution ya GSR kwa mnunuzi anayetaka raha, na ya RS, tupu na nyepesi, kwa timu za rali ambazo zingeipasua na kuijenga upya hata hivyo. Anayeyapenda magari haya anajua tofauti hizo kwa moyo. Akizikuta ndani ya gemu anaona kuwa aliyeitengeneza naye anazijali, na hilo lina thamani yake.

Kuna pia suala la kumbukumbu. R34 za toleo la Nür, za mwaka 2002, zilikuwa kama 1,000 tu duniani. Wengi wetu hatutawahi kuiona hata moja ikipita barabarani. Gemu inaweza kuwa mahali pekee ambapo mtu atajua kwamba liliwahi kuwapo toleo la mwisho, lenye injini iliyojengwa juu ya bloku la mashindano la N1 na jina lililotokana na Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani. Ukilifuta kwa sababu linafanana na lile la jirani, umefuta ukurasa.

Nilitaka kujua mikono yangu inasema nini, nikarudi kwenye Gran Turismo 4 na Skyline mbili za kizazi cha zamani zaidi, R32: GT-R ya 1989 na V-spec II ya 1994. Kwa macho, pacha kamili. Kwa takwimu, ya 1989 ina kilo 1,430 na tairi za upana wa milimita 225 kwenye rimu za inchi 16. V-spec II ina breki za Brembo, rimu za inchi 17, tairi za 245, na uzito umefika kilo 1,500. Nikaenda Tsukuba, uwanja mfupi wa takriban kilomita mbili usiokupa muda wa kupumua.

Tofauti ipo. Mwisho wa mzunguko kuna ile kona ndefu ya kulia inayofuata mnyoofu wa nyuma. Ukiiingia na gari la 1989, pua inakubali mapema kidogo, na unaweza kuanza kukanyaga mafuta huku kona bado inaendelea. V-spec II inasukuma nje. Zile kilo 70 unazihisi katikati ya kona, pale unapotaka gari ligeuke nalo linataka kwenda moja kwa moja, mpaka uachie mafuta kidogo na kusubiri. Baada ya mizunguko kumi na kitu nilikuwa nimeanza kuendesha kila moja kwa namna yake bila kufikiri. Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaosema magari haya ni rangi tofauti za kitu kimoja.

Kisha nikafanya kile ambacho kila mchezaji hufanya. Nikayafunga yote mawili tairi za aina moja, nikapunguza uzito, nikaweka turbo kubwa, breki za mbio na springi za kurekebishwa. Nikarudi Tsukuba. Safari hii, kama ningefungwa macho wakati wa kuchagua, nisingejua nimechukua lipi. Hapa ndipo utetezi wa matoleo unapolegea: V-spec II ilitofautishwa kiwandani kwa vifaa, na gemu inakuuzia vifaa vya kuizidi kabla hata hujashinda mbio nyingi. Tofauti ambayo kwa mnunuzi wa 1994 ilikuwa ya pesa nyingi, kwa mchezaji inaishi saa chache.

Kuna hoja moja ya walalamikaji ambayo nimeikataa baada ya kuifikiria sana. Husemwa kwamba kila Skyline ya ziada imekula nafasi ya gari jipya, kwamba bila hao pacha tungepata Lancia zaidi, Alfa Romeo zaidi, malori, magari ya Ulaya Mashariki. Kazi haifanyiki hivyo. Kazunori Yamauchi, aliyeanzisha mfululizo wa Gran Turismo, amewahi kueleza kwamba gari moja la kiwango cha Premium lilimchukua mtengenezaji mmoja karibu miezi sita. Muda huo unaliwa na umbo, vipimo, kila mshono wa kiti na kila kitufe cha dashibodi. Ukishakuwa na R34 moja iliyokamilika, kuipata V-spec II ni kubadilisha boneti iwe ya nyuzi za kaboni, kuongeza tundu la hewa na kusahihisha takwimu. Ukiwaondoa pacha ishirini umeokoa kazi ndogo, wala hujakaribia kulipia gari moja jipya. Leseni nazo zina hesabu zake: Porsche ilikosekana katika gemu nyingi kwa miaka mingi, hadi mwisho wa 2016, kwa sababu kampuni ya gemu ya Electronic Arts ilikuwa na haki ya pekee ya kulitumia jina hilo. Idadi ya Skyline haikuwa na uhusiano wowote na pengo hilo.

Urahisi huohuo, hata hivyo, ndio unaowahukumu wauzaji. Kama pacha hagharimu kitu, basi asihesabiwe kama kitu kizima. Gran Turismo 6 ya mwaka 2013 ilitangazwa na magari kama 1,200. Miaka minne baadaye ikaja Gran Turismo Sport, magari yote yakiwa yameundwa upya, nayo ikaanza na kama 160. Yalikuwa magari mazuri kuliko yote waliyowahi kutengeneza hadi wakati huo, lakini watu wakalalamika kwamba wamepunjwa. Sehemu ya malalamiko ilikuwa ya haki, maana madarasa mengine yalikuwa na magari machache mno. Sehemu nyingine ilitokana na namba iliyokuwa imevimbishwa kwa miaka mingi: ukishamzoesha mtu kuhesabu beji, siku ukimpa gari zima ataona umempunguzia.

Hili si la kampuni moja. Katika Forza Horizon, gemu za mbio za kampuni nyingine, kuna magari yanayoitwa Forza Edition, ambayo ni gari ulilonalo tayari, likiwa limerekebishwa na kupewa nyongeza ya pointi, kisha likapewa nafasi yake kwenye orodha. Mengine yamebadilishwa sana mpaka yanastahili. Mengine ningeyaita zawadi, na zawadi haina haja ya kuhesabiwa gari.

Ninachokitaka mimi kinawezekana na wala hakimfuti mtu. Gari liwe moja kwenye orodha, na matoleo yake yakae ndani: mwaka, soko, aina ya boneti, viti, beji. Subaru Impreza 22B ya 1998 ipewe nafasi yake yenyewe, maana mwili wake ulipanuliwa, injini ikawa ya lita 2.2, na Japani ziliuzwa 400 tu. Hiyo mikono inaitambua hata baada ya marekebisho. Carrera RS iwe moja, ikuulize unataka Touring au Sport. Eunos na Miata liwe gari moja lenye majina mawili.

Najua wakusanyaji hawatafurahi. Kwao raha ni kuliona kila toleo limeegeshwa peke yake gerejini, na kuujaza ule mstari mpaka wa mwisho. Siwadharau, nami nimewahi kukesha nikitafuta M-spec Nür. Lakini ukusanyaji huo hauhitaji orodha ndefu. Ukurasa wa R34 unaweza kuwa na visanduku sita vya kujaza, kila toleo likipatikana kwa njia yake, na historia yake ikiandikwa pale pale badala ya kuachwa kwenye herufi zisizoelezwa. Katika orodha ya sasa, mchezaji mgeni anaiona V-spec II chini ya V-spec na kuipita, kwa sababu hakuna anayemwambia kilichobadilika.

Mpe kitufe kimoja pembeni ya gari. Akibonyeza, boneti ya alumini inatoweka na ya kaboni inakaa mahali pake, tundu la hewa likiwa wazi mbele yake. Akibonyeza tena, viti vya ngozi vya M-spec vinaingia na springi zinalainika. Namba ya magari kule juu ya skrini ibaki palepale ilipokuwa.