Benki Ikikosea kwa Marehemu, Isitukimbizie Kortini

Benki ikikosea kwenye akaunti ya mtu aliye hai, mwenyewe anaingia tawini, anapaza sauti kidogo, na kabla ya jioni kuna mtu ameshapiga simu makao makuu. Ikikosea kwenye akaunti ya marehemu, kosa linakosa mwenyewe. Anayelileta ndiye anayehojiwa yeye ni nani na anataka nini. Tumelipitia jambo hili nyumbani kwetu, na nimebaki na neno moja la kusema: benki zimeichukua sheria inayolinda mali ya marehemu zikaifanya kinga ya makosa yao wenyewe.

Shangazi yangu alikuwa akiuza nafaka katika soko la Luanda, Vihiga, na alikuwa amekopa benki, tawi la Kisumu, ili aongeze mtaji. Siku alipopewa mkopo alikatwa pesa za bima. Imeandikwa wazi kwenye karatasi aliyotia sahihi, na karatasi hiyo aliitunza ndani ya ile bahasha ya kaki ambayo kila mama wa rika lake anayo, pamoja na kadi za kliniki za watoto ambao sasa nao wana watoto. Bima ya mkopo kazi yake ni moja: mkopaji akifariki, kampuni ya bima inalipa salio na familia haidaiwi. Inamkinga mkopeshaji pia, ndiyo sababu benki hukuambia hakuna mkopo bila bima.

Akafariki. Mazishi yalipopita, binamu yangu mkubwa alipeleka nakala ya cheti cha kifo tawini, ikapokelewa na kupigwa muhuri. Kumbe hakuna aliyeisukuma hadi kwa kampuni ya bima. Mwisho wa mwezi mfumo ukakata marejesho kama kawaida, na mwezi uliofuata vivyo hivyo, kutoka kwenye akiba aliyoiacha. Tulijua kwa sababu simu yake ilikuwa bado inawashwa, wateja wa mahindi walikuwa wakipiga, na katikati ya simu hizo ujumbe wa benki ukiingia: mpendwa mteja, akaunti yako imekatwa kiasi hiki. Akiba ilipokauka, lugha ikabadilika. Mpendwa mteja sasa alikuwa mdaiwa sugu, akaonywa kwamba jina lake litapelekwa CRB, wanaoweka rekodi za wasiolipa mikopo. Nilitamani kumjibu mwandishi wa onyo hilo kwamba huyu mdaiwa hana mpango wa kukopa tena.

Tulipokwenda dirishani mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Madam, wewe ndiye mwenye akaunti?"

"Mwenye akaunti ni marehemu. Cheti cha kifo mnacho."

"Basi tutahitaji hati ya usimamizi wa mirathi kutoka kortini. Bila hiyo hatuwezi kuzungumzia akaunti ya mteja."

Kijana yule simlaumu. Ana bosi, na kompyuta yake haina kitufe cha kurekebisha kosa la mtu mwingine. Aliyemfundisha jibu hilo ndiye ninayemtaka.

Sheria yenyewe naiheshimu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981, inasema katika kifungu cha 45 kwamba mtu asiyeruhusiwa kisheria au na mahakama asishike wala kuigusa mali ya marehemu. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Anayeishi huku kwetu anajua kwa nini ilihitajika. Kuna mashemeji wanaoulizia kadi ya ATM hata matanga hayajavunjwa. Kuna kijana anayejua namba ya siri ya M-PESA ya babake na anaimaliza usiku huohuo, wakati mwingine kwa ulafi, wakati mwingine kwa sababu mochari haitoi mwili bila malipo. Mjane ndiye huumia mwisho wa hesabu. Kwa hiyo, anayetaka kutoa pesa za marehemu na apitie kortini.

Na njia hiyo ni ndefu. Unaanza kwa liguru, yaani mzee wa kijiji, kisha chifu, ambaye haandiki barua ya kuwataja warithi mpaka familia ikae na kukubaliana. Ombi linaingia mahakamani na warithi wenzako wanatia sahihi ya kukubali. Kwetu mmoja yuko Nakuru na mwingine Saudia. Tangazo linachapishwa katika Gazeti rasmi la Serikali na siku 30 zinatolewa kwa mwenye pingamizi. Hati ikishatoka bado hujagawa kitu: kwa kawaida inasubiriwa miezi 6 ndipo mahakama iithibitishe. Ni sawa, ugawaji wa mali haufai kuharakishwa. Lakini muda wote huo mashine ya benki haingoji chifu wala Gazeti. Inakata.

Hapa ndipo ninapogombana nao. Sisi hatukuomba kutoa hata shilingi. Hatukuomba kuonyeshwa salio, kwa hiyo habari za siri ya mteja hazikuhusu. Tulisema: cheti mlipokea tarehe fulani, bima mlimkatia wenyewe, tazameni ninyi wenyewe mnachokifanya, kisha mkiache. Hati ya usimamizi inampa mtu mamlaka juu ya mali ya marehemu. Benki kurudisha ilichokata kimakosa, ikakirudisha kwenye akaunti ileile, haimpi mtu yeyote mamlaka yoyote. Pesa zinabaki zilipokuwa, zikingoja warithi.

Tena kisomeni kifungu hicho cha 45 taratibu. Kinamzuia mtu yeyote kuigusa mali ya marehemu bila ruhusa. Najua benki ina haki ya kudai deni lake, na marehemu akidaiwa kihalali mali yake hulipa. Ila deni hili lilikuwa na wa kulilipa, na benki ilikuwa na cheti mkononi. Nauliza tu: kati yetu tuliosimama dirishani na benki iliyokuwa ikichota kila mwisho wa mwezi, nani alikuwa akiigusa mali?

Kuna njia ya katikati ambayo dirishani hutatajiwa. Kifungu cha 67 cha sheria hiyohiyo kinairuhusu mahakama kutoa hati yenye mipaka, ya kukusanya na kuhifadhi mali ya marehemu tu, bila kugawa. Palipo na mali inayovuja, hiyo ndiyo ya kuiombea haraka. Binamu yangu alianza kuiandaa, lakini kabla haijafika popote tulituma barua. Ilikuwa ya ukurasa mmoja kwa meneja wa tawi, ikiwa na nakala ya cheti cha kifo chenye muhuri wao na ya karatasi ya mkopo yenye mstari wa bima, na chini tukaandika kwamba nakala inakwenda Benki Kuu ya Kenya, ambayo ina tawi hapohapo Kisumu. Nakala yetu tuliidai muhuri wa kupokelewa, tukasimama mpaka ukapigwa.

Makato yakakoma. Baadaye simu ya shangazi ikalia: mpendwa mteja, akaunti yako imepokea pesa. Marejesho yote yaliyokatwa yalikuwa yamerudi, na mkopo umefungwa na bima. Hati ya korti iliyosemwa kuwa lazima? Hatukuwa nayo wakati huo. Basi haikuwa lazima.

Linganisha na Sacco aliyokuwa akiweka akiba. Huko alikuwa ameandika jina la atakayelipwa akifa, na sheria ya vyama vya ushirika inawaruhusu kumlipa huyo. Binti yake alienda na kitambulisho na cheti cha kifo, akalipwa. Benki si Sacco, sawa, na hatuombi ilipe hivyo. Tunaomba kitu kidogo zaidi: cheti cha kifo kikipokelewa, makato yasimame siku hiyo, na aliyekipokea awe na jukumu la kukifikisha kwa bima badala ya kungoja yatima aulize. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na ya fidia akipata hasara. Akaunti haiachi kuwa ya mteja kwa sababu mteja amezikwa.

Familia nyingi huchoka mapema. Pesa hulala, na akaunti isipoguswa kwa miaka 5 huhesabiwa kuwa imeachwa, ikapelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, UFAA. Huko nako zinadaiwa, lakini ni safari nyingine, na kilichokatwa kimakosa kabla ya hapo hakimo kwenye kinachopelekwa.

Kwetu limebaki jambo moja. Marejesho yamerudi, ila faini za kuchelewa kulipa na ada za zile jumbe za vitisho hazijarudi. Binamu yangu anasema tuziache, nauli ya kwenda Kisumu inazizidi. Mimi barua ya pili nimeshaichapa, na nakala ya Benki Kuu iko palepale chini.